Viatu vya Kushoto

Tuzo yenyewe ilikuwa na vitu vitatu: nishani ya shaba yenye sura ya marehemu daktari, kitabu kimoja kutoka kabati lake, na safari ya Antananarivo katika mwezi wa baridi, kusoma insha ukumbini. Nishani sikuitaka. Kitabu ningekisoma. Lakini safari ile niliitaka hadi nikakonda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sijawahi kulala mahali pasipo jasho, na msichana mmoja wa darasani kwetu, mzaliwa wa huko nyanda za juu, alikuwa ameniambia kwamba asubuhi za Julai ukifungua mdomo unakutoka mvuke kama birika. Sikumwamini. Nilitaka kuuona mvuke wangu mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Mahajanga, katika miaka ya mwisho ya Wafaransa, ingawa wakati ule hakuna aliyetuambia kuwa ni ya mwisho. Nilikaa mtaa wa Ampisikina kwa mama mdogo. Mumewe alifanya kazi Boanamary, nje ya mji, akija Ijumaa na kuondoka Jumamosi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake na maneno hayakukauka. Nyumbani tulisema Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi cha pwani, shuleni Kifaransa. Kiswahili kilikuwa kimebaki katika vitu vya chomboni, vya dukani na vya msikitini. Hiki ninachoandikia nilikiokota baadaye, Unguja na Tanga, katika kuzurura kwangu. Basi kila anayesema humu nimemtafsiri mimi, na wengine wametoka wazuri kuliko walivyokuwa.

Habari ya tuzo aliileta mwalimu wa falsafa, mtu mrefu aliyejikuna shingo kwa chaki mpaka kola yake ikawa nyeupe nyuma. Alisema kulikuwa na daktari pale mjini, Mfaransa, aliyetibu watu wenye maradhi ya akili na kuandika ndoto zao katika madaftari. Daktari alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliopita. Sasa mjane wake ameweka tuzo ya ukumbusho, itolewe kwa mwanafunzi atakayeandika vizuri zaidi juu ya alama moja katika elimu ya vilindi vya nafsi.

"Chini ya akili mnayoijua," mwalimu akasema, "kuna akili nyingine. Hiyo haijui kusema. Inatuma alama. Nyoka, maji, nyumba yenye chumba kisichofunguliwa, ngazi."

"Na ng'ombe, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Hata ng'ombe."

Darasa zima likashusha pumzi, maana sote tulikuwa tukiota ng'ombe. Mimi lakini nilikuwa nimebaki kwenye ngazi. Nilijua ndoto moja yenye ngazi, na hakuna mwanafunzi kisiwani kote aliyekuwa na nyingine kama hiyo. Tatizo ni kwamba haikuwa yangu. Ilikuwa ya koko.

Koko ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Nosy Be mpaka nilipopata nafasi ya shule Mahajanga. Nyumba yake ilikuwa Ambondrona, nyuma kidogo ya ufuo, na kazi yake ilikuwa kuchuma maua ya mlangilangi katika shamba la mzungu mmoja. Maua hayo huchumwa alfajiri, kabla jua halijayanyonya. Mikono yake ilinukia vizuri kuliko ya mke wa gavana, naye alilijua hilo, akiniambia, "Nusa, mke mwenzangu, nusa bure, wenzako Ulaya wanalipia." Aliniita mke mwenza kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nikikosea jambo aliniambia ndiyo maana babu yangu alimpenda yeye.

Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, mjomba wangu, aliyeajiriwa kuchochea makaa katika meli ya moshi. Mwanzoni barua zilikuja. Kisha hazikuja. Koko hakulia mbele ya mtu wala hakufanya matanga. Alichofanya ni kwamba kila siku ya meli alichukua mwavuli wake, akatembea kutoka Ambondrona hadi bandari ya Hell-Ville, mwendo wa saa mbili na zaidi, akasimama karibu na forodha mpaka abiria wa mwisho ashuke. Ukimuuliza alikuwa wapi, atasema, "Nilikwenda kununua uzi." Na kweli alirudi na uzi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la nyuzi za kila rangi, za kutosha kukizungushia kisiwa pindo.

Mwaka barua zilipokatika, ndipo aliota. Aliona ngazi ya meli imeteremka kupitia paa la jiko lake, bila meli. Juu ya kila kipandio kulikuwa na kiatu cha mwanamume, kipya, kilichopigwa rangi. Vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Mvua ilikuwa inakuja, akapanda kuvianua kama mtu anayeanua nguo. Alipokishika cha kwanza, kilikuwa na joto ndani, kama kilichovuliwa sasa hivi. Akaamka.

Sasa, kwetu wazee husema ndoto ambayo haijaaguliwa iko mguuni mwa ndege. Anaruka nayo, haijawa kitu. Siku mtu atakapoiagua, itatua kama alivyosema. Mtu wa kwanza ndiye. Akisema heri, ni heri. Akisema shari, hakuna wa pili atakayeirekebisha. Ndiyo maana ndoto haisimuliwi kwa kila mtu, husimuliwa kwa anayekupenda na mwenye akili. Koko alitazama watu wote aliowajua akaona wenye kumpenda hawana akili na wenye akili hawampendi. Akaiacha iruke.

Lakini siri ni kama jipu. Asubuhi moja, tukiwa chini ya mlangilangi, mimi nikiwa na miaka saba na kikapu changu kidogo, alinisimulia yote. Alipomaliza akanishika kidevu. "Umesikia?"

"Nimesikia, koko."

"Una la kusema?"

Nikafikiri. "Nina njaa."

"Alhamdulillahi," akasema, akanipa mokari, vile vitumbua vyetu vya unga wa mchele. Alikuwa amechagua vizuri. Mtoto ana masikio lakini hana uaguzi.

Ndoto hiyo ndiyo niliyoiandikia insha miaka kumi baadaye. Sikuona ubaya wowote. Nilipenda hata ule msemo wa ndege. Washindani walitakiwa wasiandike majina yao, bali waweke neno la siri juu ya bahasha, na neno langu, kwa Kifaransa kizuri chenye mwandiko wa kulala, lilikuwa "Mguuni mwa ndege". Ndivyo shule inavyoweza kumfanya mtu. Nilichukua sheria ya nyumbani kwetu nikaifanya pambo, kama anayevunja mlango wa jiko apate fremu ya picha.

Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu kimoja tu cha elimu hiyo, na kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana, nikazikata kwa kisu cha mama mdogo cha vitunguu. Kitabu kilikuwa na maana ya ngazi ambayo sikuweza kuisema mezani. Na maana ya kiatu ilikuwa mbaya kuliko ya ngazi. Niliziacha hizo kwa wavulana, nikatafuta maana yangu mwenyewe, nikaipata, na nilipoipata nilijipongeza kwa ukali wa akili yangu. Nilichoandika katika kurasa mbili za mwisho sitakisema hapa. Inatosha mjue kwamba kilihusu mjomba, na hakikuwa cha heri.

Niliipeleka bahasha mwenyewe kwa mjane, nyumba yenye baraza upande wa bahari, nikaiacha kwa mtumishi wake. Kisha nikaanza kuota Antananarivo nikiwa macho.

Wiki moja baadaye mama mdogo akajifungua, na koko akaja kutoka Nosy Be kumwosha na kumkanda kwa siku zile arobaini. Alishuka na kuku wawili, gudulia la achari ya maembe, na mwavuli. Nikamwamkia kwezi, salamu yetu kwa wakubwa, akaniitikia, akanizungusha kama anayenunua kitambaa.

"Mke mwenzangu, umekuwa mfupa. Shule gani hiyo inayokula watu?"

Mama mdogo, kitandani, mtoto akiwa kifuani, akadakia kwa fahari. "Mwache, mama. Ataitwa Antananarivo huyo. Ameandika ile ndoto yako ya viatu, Wazungu wanaisoma."

Nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe, katika majivuno yangu. Koko alikuwa anamfunga kuku miguu. Hakugeuka. Alimaliza fundo, akalitazama, akalifungua, akalifunga tena.

"Ameandika ndoto," akasema, "au ameandika na maana yake?"

 "Na maana yake, koko."

"Usiniambie!" Akaziba masikio, kuku akamponyoka, akakimbilia uvunguni. "Usiniambie hata neno. Nimekupa uishike ukiwa huna akili. Nani alikuambia uote akili bila kunirudishia kwanza?"

Chakula cha mchana hakula. Alikaa kwenye kibao, miguu ameinyoosha, anatazama ukuta. Mama mdogo alijaribu kumtuliza: insha imeandikwa kwa Kifaransa, na ndoto haijui Kifaransa.

"Ndege hana lugha," koko akajibu. "Popote hutua."

"Lakini ni karatasi, mama."

Hilo likamfikirisha. Akairudisha miguu. "Kweli. Karatasi haina mdomo. Haijasema mpaka mtu aisome." Akanigeukia. "Imesomwa?"

Sikujua. Mwalimu alikuwa ametuambia mjane anazisoma mwenyewe kwanza, moja kila asubuhi na kahawa yake, kwa kumkumbuka mumewe. Bahasha zilikuwa kumi na moja. Nilihesabu siku kwenye vidole. Huenda ilisomwa jana. Huenda ingesomwa kesho.

"Vaa," koko akasema.

Yeye alijitanda shiromani, kitambaa chake cha sherehe. Mimi nilivaa sare ya shule, maana ndiyo nguo pekee iliyoweza kupita geti lile. Tulipanda puspus, kile kigari cha kuvutwa na mtu, koko kwa mara ya kwanza maishani, na kwa kuwa alimwonea huruma yule mwanamume anayeivuta, kila kwenye mwinuko alishuka akasukuma kutoka nyuma. Watu wa Mahajanga walisimama kututazama. "Bibi, wewe ni abiria au mshirika?" mmoja akapaza sauti. "Mshirika," koko akasema, "na faida sijaiona."

Njiani mimi nilikuwa na vita vyangu. Nilimpenda koko kuliko mtu yeyote. Na nilitaka mvuke. Nilijiambia: kama imeshasomwa, basi imeshatua, na kuirudisha hakutasaidia mtu. Nikajishika nikiomba iwe imesomwa. Miaka mingi imepita na ombi hilo bado linanitia haya.

Mtumishi wa mjane, mzee wa kwetukwetu, alitutazama akatuonyesha kwa kidole mlango wa nyuma. Koko akamwamkia vizuri, akamuulizia watoto, akamuulizia mgongo, na wakati mzee anajibu habari za mgongo sisi tulikuwa tumeshapanda ngazi za mbele. Koko alivua kandambili, akaingia kwa mguu wa kulia, akasimama. Alikuwa ameona kitu.

Kando ya mlango, juu ya mkeka mdogo, kulikuwa na viatu vya kiume, vyeusi, vinang'aa kama samli.

Mjane akatoka ndani. Nilikuwa nimetarajia bibi wa kutisha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Nikajieleza kwa Kifaransa changu chote, jasho likinitiririka.

"Neno lako la siri?"

"Mguuni mwa ndege, Madamu."

"Aa!" akasema, akaenda mezani. Bahasha yangu ilikuwa pale, wazi, na katikati ya kurasa alikuwa ameweka kijiko cha chai kama alama. "Nimefika hapa asubuhi, paka akamwaga maziwa. Nimeisoma ndoto, sijafika maana. Siku nzima ninafikiri juu ya vile viatu."

Nikamtafsiria koko. Akafunga macho kidogo, akayafungua. "Mwulize viatu vya mlangoni ni vya nani."

"Vya marehemu mume wangu," mjane akasema. "Ninavipiga rangi kila Jumapili. Ni kwa ajili ya wezi. Mwizi akiona viatu vya mwanamume, anapita."

Nikatafsiri. Koko akavitazama tena viatu vile, akamtazama mjane kuanzia miwani hadi vidole vya miguu.

"Anadanganya," akaniambia kwa lugha yetu, "lakini anadanganya vizuri. Mwambie mimi ninanunua uzi."

"Koko?"

"Mwambie."

Nikamwambia: kwamba huyu ndiye mwenye ndoto, kwamba mwana ni wake, kwamba kila siku ya meli huenda bandarini na kurudi na uzi. Mjane aliketi taratibu. Akamvutia koko kiti. Koko akakikalia kwa ncha, mwavuli magotini, kisha akasema jambo ambalo hata mimi lilinishangaza.

"Mwambie aiague yeye."

"Yeye? Si mume wake ndiye aliyekuwa fundi wa ndoto?"

"Mume wake simjui. Mtu anayepiga rangi viatu vya aliyekufa hataiagua ndoto yangu kwa ubaya. Mwambie."

Nilimwambia. Mjane akacheka kwa aibu, akasema hapana, yeye alikuwa akipika kahawa tu na kupanga madaftari. Kisha, kama watu wanavyofanya wakiombwa, akaanza kuagua palepale. "Kwa kweli, asubuhi nilipoisoma, la kwanza lililonijia ni kwamba..." Nikaona uso wake. Nikaona anakwenda mahali palepale nilipokwenda mimi katika zile kurasa mbili.

Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi cha mgonjwa wa kifua, kirefu, mpaka mtumishi akachungulia. Na nilipopata pumzi nikamwambia haraka, bila kumtazama koko: "Madamu, kwetu anayeagua kwanza ndiye anayefanya iwe. Ukisema neno, limekuwa. Ataliamini mpaka afe."

 Mjane akavua miwani ya machoni, akatafuta nyingine, akaikuta kichwani, akaishika mkononi bila kuivaa. Nje puspus yetu ilikuwa inapiga kengele kwa kukosa subira. Alitazama mlangoni kwa muda mrefu.

"Mwambie mimi si daktari," akasema mwishoni. "Niliishi na daktari, na ninachokijua ni viatu vyake. Mwanamume akifa, vinabaki vyote viwili. Vile pale, aone. Cha kushoto na cha kulia chake. Mwanawe ameacha vya kushoto tu. Basi vya kulia anavyo, anatembea navyo. Na mtu hawezi kutembea maisha yake yote na viatu vya kulia vitupu. Siku moja atachoka kuchechemea, atakuja kuchukua vilivyobaki."

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza chumvi. 

 Mabega ya koko yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Kuchechemea!" akasema. "Ndiye yeye! Tangu utoto hajui kuvaa viatu huyo!" Halafu akalia, kidogo tu, akajipangusa kwa ncha ya shiromani, akapitisha viganja usoni kama baada ya dua. "Imetua," akasema. Akaufikia mkono wa mjane akaushika, na mjane alipoinama kumshukuru, hata mimi sijui kwa nini, aliunusa mkono wa koko bila kutaka, akashtuka kwa ile harufu ya mlangilangi.

Ikabaki bahasha. Mjane akaniuliza, "Bado kurasa mbili. Nizimalize?" Akanieleza kwa upole kwamba anayeiondoa insha yake hawezi kuirudisha, ndiyo sharti.

Nikamuuliza koko. Na hapo, walahi, alinifungulia mlango. "Iache ukitaka. Iliyotua imetua, karatasi haiwezi kuipandisha tena. Utaisoma kwa sauti huko?"

"Mbele ya watu wengi."

"Basi uisome. Mimi usinitafsirie tu."

Ningeweza kuiacha. Sheria yetu iliniruhusu na sheria ya tuzo iliniruhusu. Nilijaribu kujiona nimesimama katika ukumbi wa Antananarivo, nimevaa koti la kuazima, nafungua mdomo. Nikauona mvuke. Ulikuwa unatoka pamoja na yale maneno, moja baada ya jingine, juu ya mjomba.

"Nipe, Madamu," nikasema. Akatoa kijiko, akanipa.

Insha yangu, Kifaransa chake na yote, iliingia jikoni kwa mama mdogo alasiri ileile. Ilichemsha chai, wala si birika zima, kikombe kimoja na nusu. Koko alikunywa kile kikombe akasema majani yalikuwa mazuri. Halafu akala. Alikula chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja, na shingo ya yule kuku aliyekimbilia uvunguni.

Tuzo alipewa mvulana wa darasani aliyeandika juu ya nyoka, na hajawahi kuota nyoka hata siku moja. Alikuwa wa ng'ombe kama sisi. Alirudi kutoka Antananarivo na mafua. Nilimuuliza habari za mvuke, akasema alikuwa amefunga mdomo muda wote kwa sababu ya baridi. Mjane alinipelekea kitabu kutoka kabatini, nje ya sheria, na ndani yake kulikuwa na kile kijiko. Nadhani alikisahau.

Siku arobaini zilipokwisha nilimsindikiza koko hadi Nosy Be, shule ikiwa imefungwa. Ikaja siku ya meli. Niliamka nikamtafutia mwavuli, nikauweka mlangoni. Alikuwa anapepeta mchele.

"Koko, meli."

"Nimesikia honi."

"Huendi?"

"Kufanya nini? Uzi ninao." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nikienda kwa sababu sijui. Sasa najua. Atakuja na miguu yake, njia anaijua."

Hakwenda tena bandarini kungoja meli. Alipata saa nyingi katika juma, akaanza kushona. Nusu ya Ambondrona walivaa mapindo ya koko, ya rangi zisizopatana, na mpaka leo nikiona pindo la kijani juu ya nguo nyekundu moyo wangu unaruka.

Mimi mwenyewe sikukaa. Nilimaliza shule, nikafundisha kidogo, nikachoka, nikapata nafasi katika chombo cha kwenda Nzwani, na kutoka hapo dunia ikawa inanivuta tu. Siku ya kuondoka koko alitembea nami hadi bandarini, bila mwavuli. Niko mguu mmoja juu ya ubao, akainama, nikadhani anafunga kamba ya kiatu changu. Akanivua. Cha kushoto.

"Koko! Nitatembeaje?"

"Chechemea."

Abiria walicheka mpaka tulipoiacha gati. Nilishuka Nzwani kiatu kimoja mguuni kama mwehu.

Mvuke nimeuona, Lushoto, asubuhi moja, nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nilisimama nje ya nyumba ya wageni nikipumua kama ng'ombe, mhudumu akaniuliza kama ninaumwa. Mjomba hajarudi. Koko alifariki kitandani kwake, mimi nikiwa mbali, na mama mdogo aliandika kwamba siku zake za mwisho hakuuliza habari za mtu, alikuwa akipanga tu nani alale wapi watakapofika. Kiatu changu kiko chini ya kile kitanda, karibu na sanduku la nyuzi. Mama mdogo anasema panya wameanza kula kamba yake, njoo ukichukue.

Cha kulia ninacho. Mwezi uliopita nilikipeleka kwa fundi viatu hapa Tanga abadilishe soli, mara ya tatu sasa. Akakigeuza, akatazama ndani ya kikapu changu, akatazama miguu yangu.

"Mama, kingine kiko wapi?"

"Kiko nyumbani," nikamwambia.

Akachukua sindano akashona.